Shule Kubwa Si Pepo, Shule ya Kutwa Si Jela



Kama una mdogo wako Gredi ya 9, au mpwa, au mtoto wa jirani, haya ni yako. Soma mpaka mwisho hata kama bando imebaki kidogo.

Hapa kwetu Oyugis matokeo yakitoka huwa kuna maswali mawili. La kwanza: "Amepata ngapi?" La pili, kabla hata hujajibu la kwanza: "Ameitwa wapi?" Mtoto akitaja shule kubwa, mtaa mzima unampongeza. Akitaja shule ya kutwa ya hapa karibu, watu wanasema "si mbaya", halafu wanaanza kuongea mambo ya mvua. Hiyo "si mbaya" ndiyo nataka tuizungumzie leo, maana inawaumiza watoto wengi, na inatufanya sisi wakubwa tukosee mahali pa kuweka nguvu zetu.

Kwanza tukumbushane mambo yanavyokwenda. Wazazi wetu waliijua KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023. Siku hizo shule za kitaifa zilikuwa 18 nchi nzima: Alliance, Mang'u, Maseno, Kenya High na wenzao. Watoto laki kadhaa waking'ang'ania shule 18! Kuanzia 2011 serikali ikaanza kupandisha hadhi shule za mikoa ili kila kaunti ipate zake, ndipo shule kama Kanga kule Migori na Asumbi Girls hapa Homa Bay zikaingia kwenye orodha hiyo. Leo zimepita 100.

Halafu ikaja CBC. Desemba 2025 watoto wa kwanza wa Gredi ya 9 walipata matokeo yao ya KJSEA, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10, sekondari pevu. Walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Shule zikapewa majina mapya: C1 ndizo zile za kitaifa, C2 ni zile za kaunti zinazochukua hata watoto wa mbali, C3 ni za kaunti, na C4 ni za kaunti ndogo, nyingi zikiwa za kutwa. Tuliambiwa mfumo mpya umeua yale mashindano. Wacha nikuambie ukweli: mashindano yako pale pale. Ukiweka watoto milioni moja na ushee mbele ya shule mia na kidogo, hesabu yake huhitaji mwalimu akufanyie.

Sasa angalia hao watoto wanaanzia wapi.

Alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10 zinatoka sehemu tatu. Asilimia 20 ni mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 ni kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ni KJSEA yenyewe. Kwa hivyo huyu wa kwako wa Gredi ya 9 unayemhimiza saa hii, sehemu ya safari yake imeshakwisha. Mtoto anayesoma akademia ya kulipia amekuwa na maabara, kompyuta, na mwalimu wa kila somo. Mtoto wa sekondari msingi ya umma, ambayo tangu Januari 2023 iko ndani ya ua la shule ya msingi, mara nyingi amesoma sayansi kwa kuchorewa ubaoni. Kifaa cha maabara anakiona kwenye picha. Halafu Novemba wanapewa karatasi moja, na matokeo yakitoka tunasema huyu ana akili na huyu hana.

Hili si jambo geni. KCPE ya 2010 ilipotoka, Wizara ya Elimu iliamua kwamba nafasi nyingi za shule za kitaifa ziwaendee watoto wa shule za umma, kwa sababu akademia, ambazo zina watahiniwa wachache, zilikuwa zinajizolea sehemu kubwa ya nafasi. Ugomvi ulikuwa mkubwa sana. Wazazi wa akademia walisema watoto wao wanaadhibiwa kwa kufanya vizuri. Wazazi wa shule za umma walisema watoto wao wameadhibiwa miaka yote kwa kukosa pesa. Usiwacheke wa upande wowote. Kila mzazi alikuwa anapigania mtoto wake. Lakini ugomvi ule ulifunua kitu: anayeingia shule kubwa haamuliwi na akili ya mtoto peke yake. Kuna kanuni, na kanuni inaandikwa na watu ofisini.

Na hata huko ng'ambo ni hivyo. Kule Marekani, katika kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, kwenye mitaa ya watu wenye uwezo karibu na Washington, kuna shule ya umma ya sayansi inayoitwa Thomas Jefferson. Kwa miaka mingi mtoto aliingia kwa kufanya mtihani, na familia zilimwaga pesa kwenye tuisheni ya kujiandaa. Mwaka 2020 bodi ya elimu ikaufuta mtihani huo na kusema kila shule ya chini itatengewa nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane. Katika kundi la kwanza chini ya kanuni hiyo, watoto wa familia za kipato kidogo walipanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi karibu robo ya waliochaguliwa. Watoto wa familia zenye asili ya Asia, ambao walikuwa zaidi ya theluthi mbili, wakashuka hadi nusu na kidogo. Wazazi wakaenda kortini. Kesi ikapanda mpaka Februari 2024, Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani ilipokataa kuisikiliza, na kanuni ikabaki.

Unaona? Watoto maskini wa Fairfax hawakuamka siku moja wakiwa na akili mpya. Walikuwa nazo. Na waliopoteza nafasi nao walikuwa watoto waliojituma, wengi wao wa wahamiaji. Nafasi zikiwa chache, kila kanuni itamliza mtu.

Turudi nyumbani. Juu ya alama, kuna mambo matatu yanayompiga chini mtoto wa kwetu, na mawili kati yake hayana uhusiano wowote na darasani.

La kwanza ni fomu. Mtoto wa Gredi ya 9 wa mwaka 2025 alichagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo wake akachagua michanganyiko mitatu ya masomo, na kwa kila mchanganyiko shule nne. Jumla shule 12: tisa za bweni, tatu za kutwa karibu na nyumbani. Na kati ya hizo tisa za bweni, tatu za kaunti yake na sita za nje. Hiyo si kazi ya dakika tano. Si kila shule inafundisha mikondo yote mitatu, na hata zinazofundisha STEM hazina michanganyiko yote.

Nilikaa na mama mmoja anayeuza omena sokoni hapa Oyugis. Ana binti anayependa mambo ya umeme, yule wa kufungua redio ikiharibika. Nikamuuliza walichagua shule zipi. Akanitajia majina makubwa anayoyasikia kwenye redio matokeo yakitangazwa. Nikamuuliza, hizo shule zina masomo anayoyataka binti yako? Akaniangalia. "Mwanangu, kwani shule kubwa hukosa somo?" Si kosa lake. Hakuna aliyewahi kukaa naye akamfafanulia. Fomu ilijazwa shuleni, mtoto akaleta karatasi nyumbani, mama akaweka sahihi.

La pili ni karo. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule ya bweni ya kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa zile za bweni za kiwango cha chini yake ni 40,535. Hapo hujaweka godoro, sanduku, yunifomu, blanketi, wala nauli ya kutoka Oyugis mpaka Thika na kurudi mara tatu kwa mwaka. Kwenye shule ya kutwa, serikali inapaswa kutoa 22,244 kwa kila mwanafunzi, mzazi anabaki na chakula cha mchana na mahitaji madogo madogo. Kila Januari tunaona barua za kuitwa zikizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kama kadi za harambee. Wengine wanachangiwa. Wengine barua inakunjwa inawekwa chini ya godoro, na mtoto anaanza muhula akiwa amechelewa, akiwa na uchungu, kwenye shule ambayo kila mtu amemwambia ni ya walioshindwa.

La tatu linatugusa sisi kwa namna yetu. Shule nyingi kongwe za hapa Nyanza zilianzishwa na makanisa, na bado makanisa ndiyo wafadhili wake. Nyingi zinawapokea watoto wetu kwa wema kabisa. Lakini msichana anayevaa hijabu ana haki ya kujua mapema atapokelewa vipi. Usidhani jambo hili limekwisha kortini. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu hijabu katika kesi ya shule ya St Paul's Kiwanjani kule Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyoingizwa kwenye kesi, na suala lenyewe likaachwa kwa miongozo ya Wizara. Kwa hivyo uliza kabla ya kuiweka shule kwenye zile 12. Uliza hijabu, uliza mahali pa kuswali, uliza chakula cha Ramadhani. Kuuliza Juni ni rahisi kuliko kulia Januari mbele ya geti na sanduku kichwani.

Sasa nakuja kwa jambo langu hasa.

Tukifanya kila kitu sawa, tujaze fomu vizuri, tupate basari, tuulize maswali yote, bado watoto wengi wa Oyugis hawataingia C1. Nafasi hazipo. Wengi watasoma C4, shule ya kutwa, wakitembea asubuhi na kurudi jioni. Je, hao tumewaandalia nini?

Tazama tunavyoishi. Mzazi mwenye uwezo kidogo, anayejua kusoma bajeti, anayejua kumuuliza mwalimu mkuu swali gumu, huyo ndiye wa kwanza kumtoa mtoto wake shule ya karibu. Anampeleka mbali. Haji tena mkutano wa wazazi pale. Shule ya karibu inabaki na wazazi ambao wanaogopa kuongea, au hawana muda kwa sababu siku moja bila kuuza ni siku moja bila kula. Maabara inakaa miaka mitatu bila paa na hakuna anayeuliza. Mwalimu wa fizikia anahamishwa na hakuna anayeandika barua. Halafu tunasema, unaona, shule ile ni mbaya, ndiyo maana niliwatoa watoto wangu. Tumeikausha wenyewe, sasa tunailaumu kwa kukauka.

Na serikali inataka karibu asilimia 60 ya watoto waende mkondo wa STEM. Sawa. Watasomea wapi? Kama maabara ziko C1 na watoto wako C4, basi hiyo 60 itabaki kwenye karatasi. Yule binti wa mama wa omena hataguswa na umeme wowote isipokuwa ule wa kukatika usiku.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema, "Kwa hivyo unataka watoto wetu wasilenge juu? Wao waende Alliance, sisi tubaki hapa hapa?" Hapana, ndugu yangu. Mtoto akipata nafasi na karo ikapatikana, aende, tena tumsindikize mpaka stendi. Shule kubwa zimewabadilishia maisha watoto wengi maskini. Starehe Boys ilianzishwa 1959 kwa ajili ya vijana wasio na kitu, na mpaka leo inajulikana kwa kuwasomesha watoto wa maskini. Tanzania nao wana shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora, Kilakala, Msalato, ambako mtoto wa mkulima anaweza kukaa dawati moja na mtoto wa waziri. Mimi sina ugomvi na shule hizo.

Ugomvi wangu ni na mahali tunapoweka jasho letu. Tunachanga shilingi elfu 50 kwa mtoto mmoja aende mbali, na tunashangilia, na ni jambo jema. Ila hatujawahi kuchanga hata elfu 5 kupeleka watu 20 kwenye kikao cha maoni ya bajeti waulize maabara ya shule ambayo watoto 400 wanasomea. Huyo mmoja ni wetu. Na hao 400 je?

Nina diploma, sikusoma kwenye shule yoyote ambayo jina lake lingekushtua. Nimekutana na watu waliotoka shule kubwa wakiwa hawajui la kufanya, na nimekutana na fundi wa hapa hapa aliyesoma shule ya kutwa ambaye kila mtu Rachuonyo anamtafuta mashine ikikataa. Sisemi shule haina maana. Ina maana sana, ndiyo maana nataka iliyo karibu iwe nzuri.

Basi wewe kijana, ambaye umemaliza shule, una simu, unajua kusoma hizi habari kwa Kiingereza na Kiswahili, kazi yako ni hii:

1. Msimu wa kuchagua shule ukifika, tenga Jumamosi mbili. Keti na familia tano tu. Fungueni orodha ya shule na masomo kwenye tovuti ya Wizara, mlinganishe na anachotaka mtoto. Anza na masomo, jina la shule lije baadaye. Zile nafasi tatu za kutwa zichagueni kwa umakini kama zile tisa, kwa sababu huenda ndiko atakakokwenda.

2. Piga hesabu ya karo mapema, mwezi wa sita, si mwezi wa kwanza. Fuatilia basari za wadi na za CDF, na ufadhili kama Elimu Scholarship na Wings to Fly. Fomu hizo zina tarehe ya mwisho, na wengi wa kwetu husikia habari zake zikiwa zimeshafungwa.

3. Jua sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na nafasi zilizopo na pesa zilizotumwa shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumchuja ili aandikishwe. Mtu akikuambia "leta kitu kidogo nikutafutie nafasi", huyo anauza kitu ambacho si chake.

4. Chagueni shule moja ya kutwa hapa karibu na muifanye yenu. Nendeni mkutano wa wazazi hata kama huna mtoto pale. Nenda na mama yako, na shangazi, na yule mama wa omena. Ulizeni mambo matatu: maabara iko wapi, mwalimu wa kila somo la sayansi yuko, na pesa za mwaka huu zimefanya nini. Andikeni majibu. Rudini muhula unaofuata muulize tena. Na msiende kama Waislamu wanaodai chao, nendeni kama majirani. Watoto wa pale wengi si wa msikitini kwetu, na maabara ikijengwa itawafaa wote.

5. Mwisho, acha "si mbaya". Mtoto akikuambia ameitwa shule ya kutwa, muulize anasoma mkondo gani na anahitaji vitabu gani. Mpe mkono vile vile ungempa aliyeitwa Mang'u. Mtoto wa miaka 15 anasikia sauti yako ikishuka, na anajua maana yake.

Allah hakugawa akili kwa kaunti wala kwa karo. Yule binti ana kipaji chake leo, kabla ya kompyuta ya Nairobi kumpangia shule. Atakitumia au kitalala? Sehemu ya jibu iko kwake na kwa Mola wake. Sehemu nyingine iko kwetu, Jumamosi mbili tu.

Ukiwa Oyugis, Kendu Bay, Rongo au Migori na uko tayari kuketi na familia tano, andika hapa chini "Nipo" na jina la mji wako. Tutapangana in shaa Allah.